Kitatange Asiyekula

Kitatange wa tatu alipokufa sikulia. Nilikasirika. Nilimtoa kwenye tangi kwa kichujio cha chai, nikamlaza juu ya kipande cha gazeti, nikamtazama. Rangi yake ya njano ilikuwa bado inawaka na mistari yake myeusi imenyooka, lakini tumbo lilikuwa limeingia ndani kama mfuko wa suruali uliopigwa pasi. Alikuwa amekaa kwangu siku kumi na moja na sikumwona hata mara moja akimeza kitu. Wa kwanza alikaa siku mbili, wa pili tisa. Mimi ni muuza zipu na vifungo Kariakoo, na kushindwa na wateja nimezoea. Kushindwa na samaki mwenye ukubwa wa kiganja, anayekufa njaa huku chakula kinaelea mbele ya pua yake, hilo lilinikaa kooni.

Kitatange ni samaki wa miambani, bapa, mwenye mdomo mwembamba wa kudonolea. Ni mzuri kupita kiasi na ana deko kupita uzuri wake. Wengi wanaofuga samaki wa maji chumvi nyumbani humkwepa kwa sababu anachagua chakula. Mimi nilimtaka kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akiniambia jambo fulani haliwezekani, huwa napata usingizi mbaya mpaka nijaribu.

Tangi lenyewe niliachiwa. Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Mchafukoge, mzee wa Kihindi ambaye maisha yake yote hakutia nyama wala samaki kinywani, alikuwa akifuga samaki wa kutazama tu. Wanawe walipomchukua kwenda kuishi naye nje ya nchi, aliniita akaniambia nichukue tangi pamoja na samaki wawili wa buluu waliokuwa wamebaki, kwa kuwa mimi samaki nawajua.

Ni kweli nawajua. Mama yangu alikaanga samaki na kuwauza barazani miaka yangu yote ya shule. Kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kumchagua samaki: jicho ling'ae, shavu ukilifunua liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Kitatange wa kwanza nilimchagua hivyo hivyo. Aliniletea mzamiaji mmoja wa Kigamboni, anayekamata samaki wa mapambo kwa wavu mdogo na kuwauzia watu wa mjini. Ndiye pia anayeniletea maji ya bahari kwa madumu. Aliweka ndoo yake mlangoni mwa duka langu akanionyesha vitatange watatu. Nikatia mkono, nikamkamata yule mkubwa, nikamfunua shavu, nikambonyeza ubavu kwa kidole gumba. Mzamiaji alifumba macho. Baadaye aliniambia kwa upole kwamba ule utelezi wa ngozi ndiyo nguo ya samaki, na mimi nilikuwa nimeuvua wote. Samaki akafa keshokutwa yake. Kosa hilo nililikubali, maana nililifanya mbele ya watu.

Wa pili na wa tatu sikuwagusa. Niliwachagua kwa macho, na mimi kwa macho sijambo: fundi akiniletea kipande cha kitambaa namtolea uzi wake bila kuulinganisha mara mbili. Nikachagua mkubwa kuliko wote, mwenye rangi kali kuliko wote. Mzamiaji alinishauri nichukue mdogo, tena nimwachie yeye kwa wiki moja amzoeze kula kwenye beseni lake. Nikamjibu kwamba mimi habari za samaki sifundishwi. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Nikawalisha kama wageni wa Idi. Nilikuwa na mama mmoja anayenipitishia kamba wabichi kutoka soko la samaki la Feri kila asubuhi. Jioni nikifika nyumbani nawamenya, natoa ule uzi mweusi wa mgongoni, nawasafisha kama ninavyosafisha vya kwetu, kisha nawakatakata vipande vidogo kama punje za mchele. Wale wawili wa buluu walikuwa wakiparamia chakula kabla hakijagusa maji. Kitatange anakuja taratibu, anakiangalia, anakishika kwa ncha ya mdomo, anakitema. Anajaribu tena, anatema tena. Kisha anageuka na kwenda kusimama pembeni, kichwa kimetazama ukuta.

Nilijaribu kila kitu. Nilikata vipande vidogo zaidi, nikamlisha kwa kijiti cha mshikaki, nikamfunikia kioo kwa kanga asituone. Nikapima chumvi ya maji, nikayabadilisha maji. Mama yangu, ambaye siku hizi tunaishi naye, alikaa kwenye kochi akinitazama. Siku moja aliniuliza kama na mimi nilipokuwa mdogo nakataa uji alikuwa akinifunikia kanga.

Wa tatu alipokufa nikakaa kitako nikafikiri, na nilifikiri vibaya huku nikijiona nina akili. Maji ni mazuri, maana wa buluu wazima. Chakula ni kizuri, maana wa buluu wanakula. Basi ubaya uko kwa kitatange mwenyewe, amekuja akiwa ameharibika. Na samaki anaharibikaje tumboni asionekane nje? Nikakumbuka utupa, yale majani yanayopondwa na kumwagwa baharini ili samaki walewe, waokotwe bila jasho. Ni marufuku, na kila mtu wa pwani anajua kwamba wapo wanaofanya. Nikasema, nimempata.

Sikumpigia mzamiaji simu kumuuliza. Nilipiga picha ya samaki juu ya gazeti, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wafuga samaki wa mapambo, na chini yake nikarekodi sauti. Nilimtaja mzamiaji, nikasema anatumia utupa, nimeuziwa watatu na wote wamekufa na njaa, wenye matangi wajihadhari. Kesho yake, nikipita Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaingia kwa daktari wa meno ambaye ana tangi kubwa kwenye chumba wanamongojea wagonjwa, naye alikuwa mteja wa mzamiaji. Nikamweleza ana kwa ana. Hapo nikatia na chumvi: nikasema hata wenzake wa Kigamboni wanalijua. Hakuna mtu wa Kigamboni aliyekuwa ameniambia chochote.

Jumatatu yake mzamiaji alikuja dukani. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, sikio lake la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya kina cha maji, kwa hiyo huinamisha kichwa mtu anapozungumza. Mafundi wawili walikuwa wanachagua zipu. Alingoja mpaka wakaondoka, ndipo akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti kavu.

"Mama, nimeisikia sauti yako," akasema. "Nimeisikiliza mara mbili. Mimi utupa sijawahi kuushika."

Hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba tangu Ijumaa wateja watatu wamemwambia wasimamishe kwanza, hoteli moja ya ufukweni ikiwa mmoja wao, na daktari wa meno hapokei simu zake. Alisema anachoogopa zaidi ni maneno hayo kuwafikia maofisa wa uvuvi, maana kibali chake kikisimamishwa kwa uchunguzi hana kazi nyingine anayoijua. Kisha akatoa ombi. Ataniletea kitatange wa nne aliyemchagua yeye, atakuja naye nyumbani, na atakaa aone namna ninavyomlisha. Samaki huyo akifa bila kula, yeye mwenyewe atatangaza kwenye kundi kwamba ameacha kazi.

Nilikubali mara moja. Nisidanganye, nilikubali kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake nilivyo msafi na nilivyo mwangalifu, aaibike.

Akaja Alhamisi alasiri. Nilifunga duka mapema. Alipofunua ndoo nikamwuliza kama ananitania: samaki alikuwa mdogo kama biskuti, rangi imefifia, pezi moja limeng'atwa. Akaniambia huyu amekuwa akila mkononi mwake tangu Jumapili, na pezi litaota. Akamwingiza tangini pole pole, maji yakidondoka kwenye ndoo kwa mpira mwembamba kwa muda wa saa nzima, ili samaki azoee. Nilikiri moyoni kwamba ana subira ya kazi yake.

Kisha nikamwita jikoni aone chakula. Kamba walikuwa kwenye bakuli, nimeshawamenya. Nilikuwa nikimweleza kwa maringo jinsi ninavyonunua wabichi tu, wa siku ile ile, na huku naeleza mikono yangu inaendelea na kazi yake. Ilikata ndimu, ikaikamua juu ya kamba, ikatia chumvi, ikawasugua, ikawasuuza. Ndivyo ninavyofanya kwa kila kitu kitokacho baharini tangu nilipofikia urefu wa meza. Sikuwa naiona hata mikono yenyewe.

Mzamiaji alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama ndimu, akanitazama mimi.

"Mama," akaniuliza, "unampikia?"

Aliyejibu ni mama yangu kutoka kwenye kochi, kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa jiko lake. Alisema shombo itatokaje bila ndimu.

Mzamiaji alimwambia ni kweli, hata kwake mke wake hufanya hivyo hivyo, na yeye mwenyewe hawezi kula kamba asiyetiwa ndimu. Kisha akanigeukia. "Lakini hiki tunachokiita shombo," akasema, "kwake ndiyo harufu ya chakula. Ukiitoa, hajui kwamba amewekewa."

Akaongeza kwamba ile ndimu inabaki ndani ya nyama hata ukisuuza, na kitatange hutambua kwanza kwa ncha ya mdomo. Wale wa buluu hata ukiwatupia karatasi wataigombania, ndiyo maana walinidanganya. Aliyasema hayo bila kunisimanga. Afadhali angenisimanga. Uso ulinishuka, nikaegemea sinki nikiwa na ndimu mkononi. Wa pili na wa tatu niliwaua mimi, kwa usafi, kisha nikachukua jina la mtu nikaenda kulifutia sakafu.

Alipoondoka aliacha maelekezo: kamba asioshwe kwa kitu chochote zaidi ya maji ya tangi lenyewe, wale wa buluu watengwe kwa kipande cha wavu, na nitafute chaza wabichi, niwapasue, niwaweke juu ya mchanga na ganda lao, maana kitatange amezoea kudonoa kitu kilichoshikamana na jiwe. Alinionya pia kwamba kwa sababu amehamishwa, anaweza kugoma siku kadhaa hata akipewa chakula cha haki. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimekwisha kukaza roho. Samaki huyu atakula, hata kama itabidi niingie mle ndani nimtafunie.

Ijumaa hakula. Nilimpa asubuhi kabla ya kwenda dukani, nikafunga duka saa sita, nikatembea kwa haraka kutoka Kariakoo mpaka nyumbani, nikampa tena, nikarudi. Jioni nikampa mara mbili. Kila baada ya dakika chache naondoa mabaki yasichafue maji. Jumamosi hakula. Nyumba ilinuka shombo mpaka kwenye mapazia, na mama alihamishia kiti chake dirishani akasema ameishi miaka mingi na hajawahi kuona jikoni mwa mwanawe ndimu zimelala bila kazi. Jumapili alikuja karibu na ganda la chaza, akalizunguka, akaondoka. Nilimwona tumbo limeanza kuingia ndani kidogo. Nikaogopa. Akifa huyu, hakuna atakayetaka kusikia habari ya ndimu. Watahesabu wanne, watasema utupa.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kuliruka. Tangu Alhamisi ile nilikuwa najua kwamba nimemsingizia mtu. Simu ilikuwa mkononi, na kurekodi sauti ya kufuta maneno yangu kungechukua dakika moja, kama kulivyochukua dakika moja kuyasema. Sikurekodi. Nilijiambia nangoja samaki ale kwanza, ili niwe na ushahidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na nilitaka nikija kukiri kosa niwe nimebeba na ushindi pembeni.

Jumatatu saa sita na nusu mchana nilikuta kitatange amesimama mbele ya ganda, ameinamisha kichwa. Akadonoa. Nikangoja ateme. Hakutema. Akadonoa tena, akavuta kipande kidogo cha nyama, akakitafuna, nikaona mashavu yake yakifunguka na kujifunga, kisha akakimbilia kingine kama aliyekumbuka kwamba ana njaa ya siku nne. Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa zipu niliotoka nao dukani. Hapo ndipo nililia, nimesimama, na mama akauliza kulikoni, nikamwambia amekula, mama, amekula. Akaja kutazama. Akasema kumbe ana mdomo.

Nikarekodi sauti pale pale, kabla sijakaa. Nilisema yote: kwamba mzamiaji hakutumia utupa, kwamba sikuwa na ushahidi wowote, kwamba maneno ya watu wa Kigamboni niliyatunga, na kwamba samaki wawili niliwanyima chakula mwenyewe kwa kuwaoshea kamba kwa ndimu na chumvi. Nikatuma na video ya kitatange akidonoa chaza. Kundi zima likacheka. Mmoja akauliza bizari niliweka kiasi gani. Mwingine akataka kujua nazi nilikamua tui zito au jepesi. Walicheka mpaka jioni, na mimi nikawaacha, nilistahili. Lakini katika maneno yote yale, kuhusu mzamiaji aliandika mtu mmoja tu. Alisema sawa, ila yeye ataendelea kujihadhari.

Jumanne nikaenda kwa daktari wa meno. Alinisikiliza kwa adabu, akacheka kidogo kwenye habari ya ndimu. Kisha akaniambia kwamba anasikitika, ameshapatana na mtu mwingine wa kumletea samaki na kumsafishia tangi. Nikamwuliza wamepatana lini. Akasema Jumamosi.

Nilitembea kurudi dukani nikizihesabu siku kwenye vidole kama mtoto. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kama ningesema Alhamisi, angenisikia kabla. Sikuwa na pa kumtupia lawama hii. Haikuwa ya ndimu, wala ya samaki, wala ya mikono iliyozoea. Nilikuwa nimekaa nayo siku nne, macho wazi, nikimsubiri samaki.

Hoteli ilimrudisha, baada ya mimi kwenda mwenyewe kuzungumza na msimamizi wa bustani, anayeangalia na tangi lao. Mteja mmoja wa kundi alirudi pia. Daktari bado. Nimekwenda kwake mara tano sasa, na kila nikipita Mnazi Mmoja naingia, namsalimia, namwuliza kama yule mwingine anamridhisha. Najua amenichoka. Nitaendelea kwenda.

Kitatange yule yupo, ameshanenepa, pezi limeota na rangi imekolea kushinda wale wote niliowachagua mwenyewe. Mwezi uliopita nilimwomba mzamiaji aniletee mwenzake. Alikuja dukani saa za watu wengi, akaweka ndoo mlangoni, akatoa kopo la kamba waliokatwa, akachuchumaa. Nikamwambia hana haja ya kumlisha mbele yangu, ampeleke tu nyumbani, mimi namwamini.

"Najua, mama," akasema. "Leo unaniamini."

Akatoa simu, akaisimamisha kwenye boksi la vifungo, akaanza kurekodi: ndoo, kopo, na mimi nyuma yake. Mafundi wakageuka kutazama. Akadondosha kipande kimoja, kisha cha pili. Nikainama nikatazama mpaka samaki akala. Akaniomba niseme kwa sauti, simu isikie, kwamba nimemwona anakula. Nikasema.